Kupepeta Dhahabu Pasipo Maji

Hotuba kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, Kakamega

Wazee wetu, akina mama wa karai, vijana wa shimo, na nyinyi mliotoka Bondo, Migori na Pokot Magharibi, hamjambo.

Hakuna mama hapa asiyejua kupepeta wimbi. Unasimama upepo ukupige ubavuni, unainua ungo, unamwaga polepole. Makapi yanaenda na upepo, wimbi unatua kwenye mkeka. Ukimwaga kwa haraka, makapi yanashuka pamoja na nafaka. Ukipepeta wimbi wenye unyevu, makapi hayaondoki, yameng'ang'ania punje. Ukisimama palipo na kimbunga, unapoteza wimbi wenyewe. Mkishika hayo matatu, mmeshika karibu nusu ya ninayotaka kuyasema, kwa sababu kuna watu waliochimba dhahabu jangwani kwa kazi hiyo hiyo ya ungo, pasipo mto wala kisima cha kutosha.

Mahali penyewe panaitwa Arltunga, katikati ya Australia, kama kilomita 110 mashariki ya mji wa Alice Springs. Ni ardhi ya watu wa Arrernte. Pale Alice Springs mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 280. Hapa Kakamega tunakaribia milimita 2,000. Yaani mvua yao ya mwaka sisi tunaipata kwa mwezi mmoja mzuri wa masika.

Watu wa nje walifika eneo hilo wakifuata vito. Mwaka 1886 mpimaji mmoja wa ardhi, David Lindsay, aliona mawe mekundu katika mchanga wa mito mikavu, akadhani ni yakuti. Watu wakafurika. Mawe yakapimwa, yakaonekana ni ganeti, jiwe jekundu la thamani ndogo, bei ikaanguka. Lakini waliobaki wakipekua mchanga ule walikuta dhahabu mwaka 1887, kwenye kijito kikavu karibu na shimo la maji liitwalo Paddy's Rockhole. Ilikuwa dhahabu ya mashapo, ile ambayo mvua na jua viliitoa kwenye mishipa ya mawe milimani kisha mafuriko yakaiteremsha. Reli ilipofika mji wa Oodnadatta mwaka 1891, bado palibaki kilomita 600 za jangwa. Wengi walizitembea kwa miguu, baadhi wakisukuma mali zao kwa toroli. Mwaka 1898 serikali ilifungua kinu cha kusaga mawe pamoja na mitambo ya sayanidi, sumu inayoyeyusha dhahabu, na vyuma vyake vyote vilikokotwa kutoka Oodnadatta. Leo Arltunga ni hifadhi ya historia: kuta za mawe, gereza dogo, misingi ya kinu, na chungu za changarawe.

Chungu hizo za changarawe ndizo zimenileta kwenu. Nataka tuone jinsi dhahabu ilivyopatikana pasipo maji, na mahali ilipopotea, maana ilipopotea kwao ndipo inapopotea kwetu kila kiangazi.

Tuanze na uzito. Chukua dhahabu na jiwe jeupe, lile la kwatzi, vipande vya ukubwa mmoja. Dhahabu ina uzito wa mara 19.3 ya maji, kwatzi mara 2.65. Hewani, kipande cha dhahabu kinakizidi cha kwatzi mara saba na kidogo. Viingize majini. Kila kimoja kinapunguziwa uzito wa maji kinayoyasukuma, kwa hiyo dhahabu inabaki na 18.3 na kwatzi inabaki na 1.65. Gawanya: mara 11. Maji yanaipa dhahabu nafasi ya 11 kwa moja, hewa inaipa saba kwa moja. Hewa inafanya kazi, lakini haisamehi uzembe ambao maji yanausamehe.

Hiyo saba ina maana nyingine kubwa zaidi. Jiwe la kwatzi lenye upana wa milimita saba linaanguka hewani kwa mwendo ule ule wa punje ya dhahabu ya milimita moja. Upepo hauwezi kuvitofautisha. Ndiyo maana mtu anayemwaga mchanga usiochekechwa, wenye kokoto, changarawe na vumbi pamoja, anapoteza dhahabu ndogo yote hata kama mkono wake ni mwepesi. Chekecha kwanza. Tumia nyavu tatu: wa matundu ya milimita 12, wa milimita 4, na wavu wa mbu wa chuma. Wavu wa kahawa ambao mafundi wa ujenzi wanachekechea mchanga unafaa katikati, ila upime matundu kwa rula kabla ya kununua, maana madukani hayalingani. Kisha pepeta kila fungu peke yake. Ndani ya kila fungu, jiwe kubwa lisizidi punje ndogo zaidi ya mara nne. Hapo saba inatosha na chenji inabaki.

Kokoto zilizobaki juu ya wavu wa milimita 12 usizitupe pasipo kuzitazama. Nitarudi hapo.

Sasa unyevu. Huyu ndiye mwizi mkubwa, na kwa sisi wa magharibi ni mwizi wa kila asubuhi. Changarawe inaweza kuonekana kavu juu ya mkono na bado ina maji ya kutosha kushikamanisha vumbi na punje. Kipimo ni rahisi: jaza konzi, kaza ngumi kwa nguvu, fungua. Mchanga ukibaki na umbo la vidole vyako, haujakauka. Ukimwagika wote na kuacha vumbi kavu kiganjani, endelea. Ukichimba kupita nusu mita, hata jangwani unakuta ubichi. Tandaza turubai jeusi juani, mwaga tabaka la sentimita tano, ligeuze kwa reki kila nusu saa. Hapa kwetu kazi hiyo ni ya Januari na Februari. Anayejaribu mwezi wa Mei anajichosha bure. Mwezi wa Mei una mto, tumia mto. Wenzetu wa Pokot na Turkana wanaweza karibu mwaka mzima.

Udongo wa mfinyanzi ni mgumu zaidi ya unyevu, kwa sababu ukikauka unakuwa donge kama tofali. Ndani ya donge la ukubwa wa njugu mawe kunaweza kuwa na dhahabu, na donge lote linapeperuka kama jiwe jepesi. Waliochimba jangwani walilazimika kuyaponda kwa rungu kabla ya kuchekecha. Fanyeni hivyo: tandaza, ponda kwa mti mzito, chekecha, rudisha madonge yaliyobaki juu ya wavu, ponda tena. Yakibaki madonge baada ya mara ya tatu, yaweke kando kwa ajili ya maji. Ndoo moja ya maji italainisha madonge mengi usiku mmoja.

Namna ya kwanza ya kupepeta ni ya karai mbili. Coolgardie, Australia Magharibi, dhahabu ilipopatikana mwaka 1892, maelfu walianza hivyo. Karai moja chini, nyingine mikononi. Unainua ya juu hadi usawa wa kichwa, unamwaga kijito chembamba, upepo ukitoka ubavuni. Vumbi linakwenda, kizito kinatua. Unabadilisha karai, unarudia mara nne au tano. Mwisho unabaki na konzi ya mchanga mweusi na mzito. Hapo unaweka karai mshazari, unaigonga taratibu ili kizito kishuke pembeni, na unapuliza kwa mdomo kama mtu anayewasha makaa. Ina gharama ya karai mbili tu. Kasoro yake: inategemea upepo wa kadiri, na dhahabu iliyo bapa, ile nyembamba kama pumba za wimbi, inaruka. Ukubwa hauiokoi dhahabu bapa. Ukitaka kujua kama dhahabu ya mahali pako ni bapa, itazame kwa kioo cha kukuzia kabla ya kuchagua njia. Karibu na mshipa wake dhahabu ni nene, ina pembe na mikwaruzo. Ikisafirishwa mbali inapondwa ikawa bapa.

Namna ya pili ni sanduku la mivukuto. Mhunzi yeyote wa hapa akiliona atajua limefanywaje, maana ni mivukuto ile ile chini ya ubao wa mteremko. Nitaeleza vipimo vyake taratibu, mwenye kalamu aandike.

Juu pana sinia lenye wavu wa milimita 12, limeinamishwa ili kokoto ziteleze na kuanguka mbele. Mchanga uliopita unaangukia kwenye sanduku la chini, lenye upana wa sentimita 28 hadi 30 na urefu wa mita moja. Sakafu ya sanduku si ubao: ni wavu wa mbu wa chuma uliokazwa vizuri, na juu yake kitambaa cha marikani. Marikani ya kawaida, iliyofuliwa mara moja kuondoa wanga, inapitisha hewa na kuzuia mchanga. Turubai halipitishi hewa. Neti ya mbu peke yake inapitisha kila kitu. Juu ya kitambaa unapigilia vibao sita vya kukingama, vya kimo cha sentimita mbili, kila kimoja sentimita 12 au 13 kutoka kwa mwenzake. Upande wa juu wa sanduku uinuliwe sentimita 25 hadi 30 kuliko wa chini. Chini ya sakafu hiyo ndipo panapokaa mivukuto, ya ngozi au mpira wa tairi laini, yenye mwendo wa sentimita saba au nane, ikipigwa kwa mkono au kwa injini ndogo kupitia gurudumu.

Angalia kinachotokea. Mivukuto inasukuma hewa kwa mapigo mafupi. Kila pigo linauinua mchanga wote kidogo sana, kisha linauachia. Katika kuachiwa huko, dhahabu inawahi kushuka. Pigo linalofuata linaukuta mchanga mwepesi bado uko juu, mteremko unauvuta kwenda chini, unaruka kibao. Kizito kimekaa nyuma ya kibao kwenye kitambaa. Kwa injini, mapigo yanafika 250 kwa dakika. Kwa mkono hutafika huko, na si lazima ufike. La muhimu ni mapigo yalingane.

Jinsi ya kujua kama unapiga sawasawa: tazama mchanga nyuma ya kibao cha tatu. Unapaswa kutikisika kama uji unaoanza kuchemka, vishimo vidogo vikifunguka na kufunga. Ukiona umelala kimya, hewa ni ndogo au kitambaa kimeziba vumbi, na dhahabu itabingirika juu yake kama juu ya sakafu ya saruji. Ukiona unarusha chemchemi, hewa ni nyingi au kitambaa kimetoboka, punguza au kagua. Ukiona sehemu moja inachemka na nyingine imelala, sanduku limeinama upande mmoja. Weka pima maji ya fundi, lisawazishe kwa vijiwe chini ya miguu.

Sanduku la vipimo hivi lenye injini ndogo linameza takribani ndoo 30 za lita 20 kwa saa. Kwa mkono hesabu nusu yake, na watu wawili wakipokezana. Usilishe kwa koleo zima kwa mpigo. Lisha taratibu, mfululizo, tabaka juu ya vibao lisizidi unene wa kidole.

Dhahabu nyingi inapaswa kukaa nyuma ya vibao viwili vya kwanza. Kila unaposafisha, toa mchanga wa kibao cha kwanza na cha sita kando kando, uoshe kila mmoja peke yake. Ukikuta dhahabu nyuma ya kibao cha sita, ujue nyingine imeshapita na iko kwenye chungu yako ya taka. Simamisha kazi. Mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu: unalisha haraka, mteremko ni mkali, au mchanga una unyevu.

Kuna jaribio lisilodanganya, na watu wa ziwani wana vifaa vyake tayari. Chukua chubwi la wavu wa samaki, lile la risasi. Katakata vipande 20 vya ukubwa wa punje ya wimbi hadi ya mtama, vigonge viwe bapa. Vichanganye kwenye ndoo moja ya mchanga uliokwisha kupepetwa, pitisha ndoo hiyo, safisha, hesabu. Risasi ina uzito wa mara 11.3 ya maji, ni nyepesi kuliko dhahabu. Ukivipata 18 au 19, mashine yako inakamata dhahabu ya ukubwa huo. Ukipata 12, usilaumu shimo. Kisha osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, risasi ni sumu, na vipande vilivyopotea vitafute.

Tuje kwenye zile chungu za kale. Mahali palipopepetwa pana alama yake: chungu mbili jirani. Moja ina kokoto tupu, ndiyo iliyomwagika kutoka kwenye wavu. Nyingine ni ya mchanga mwepesi, pana na bapa, imelala upande uliokuwa chini ya upepo. Ukiona jozi hizo nyingi kwenye bonde, ujue waliokutangulia waliona faida, hakuna mtu anayepepeta tani za mchanga bure. Sasa swali la mchimbaji: waliacha nini?

Kwanza waliacha madonge makubwa ya dhahabu. Donge lisilopita kwenye wavu liliteleza pamoja na kokoto, hasa likiwa limevikwa kutu ya chuma au limeshikamana na kwatzi. Mtu anayelisha kwa haraka hatazami kokoto. Ndiyo sababu watu wenye mashine za kutambua madini wanaanza na chungu ya kokoto, wakaitandaza kwa reki hadi unene wa kiganja, ndipo wanapitisha mashine. Nanyi mliosikia nikisema msitupe kokoto, hapa ndipo niliporudi. Ukiwa huna mashine, pitisha macho na mkono: donge la dhahabu la ukubwa wa harage lina uzito usiolingana na macho.

Pili waliacha ardhi iliyo chini ya chungu zenyewe. Mtu alichimba hapa akamwaga pale, na pale hapakuchimbwa kamwe. Tatu, waliacha nguzo za mipaka. Kila mmoja alipewa kipande chake, na ukanda kati ya jirani na jirani ulibaki kama ukuta. Nne, waliacha nyufa za mwamba. Kwa maji unasafisha ufa hadi chini. Kwa ufagio na kijiko unachukua kinachotoka. Chukua waya uliopindwa ncha na brashi ngumu, chokoa, zoa kila vumbi, usidharau lile la mwisho lililoganda.

Tano ndilo linalowachanganya wengi: sakafu ya uongo. Katika nchi kavu, maji machache yenye chokaa yanapanda na kukauka, yanagandisha changarawe ikawa tabaka gumu jeupe kama zege, liitwalo kaliche. Mafuriko yanayofuata yanaitua dhahabu juu ya tabaka hilo kana kwamba ni mwamba. Mchimbaji akigonga, akasikia mlio mgumu, anasema nimefika, anaacha. Lakini chini ya kaliche panaweza kuwa na changarawe nyingine, na mwamba wenyewe chini zaidi. Piga mtaimbo utoboe mahali pawili patatu kabla ya kuamua. Kipande cha kaliche kidondoshee ndimu au siki: kikitoa povu ni chokaa. Kumbuka pia dhahabu inaweza kuwa ndani ya kaliche yenyewe, na hapo hakuna kupepeta hadi uiponde.

Na msitarajie mkondo mmoja ulionyooka kama kwenye mto Yala. Mto wa maji ya kudumu unapanga: kizito kwenye kona ya ndani, kizito nyuma ya jiwe kubwa. Laga, yaani mto mkavu wa jangwani, inapata maji kwa saa chache za mwaka, yanabeba kila kitu kwa pamoja na kukiacha yanapokauka. Dhahabu inakuwa mafungu mafungu, hapa ipo, hatua tano mbele hakuna. Kwa hiyo pimeni kabla ya kuhamia. Chimba vishimo vya majaribio kwa mstari unaokata laga, hatua tano tano, hadi sakafu. Toa ndoo kutoka kila tabaka, ziandikwe. Ndoo 50 za lita 20 ni mita moja ya ujazo wa mchanga uliolegea. Ndoo kumi zikitoa gramu 0.05, una robo gramu kwa mita ya ujazo. Zidisha kwa mita za ujazo mnazoweza kupitisha kwa siku, toa mafuta ya injini na chakula, ndipo mwamue. Hesabu hiyo ingewarudisha nyumbani wengi waliotembea kilomita 600.

Juu ya kinu cha kale, neno fupi. Kinu kilisaga mawe ya mshipa, na mchanga wake uliosagwa ulipitishwa kwenye zebaki na sayanidi. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinu vya wakati huo, pamoja na vya kwetu vya baada ya 1931, dhahabu ilipogunduliwa hapa Kakamega na wazee wetu wakashuhudia sheria ya ardhi ikibadilishwa mwishoni mwa 1932 ili mashamba yao yachukuliwe. Machungu hayo ya historia yanajulikana. Machungu ya udongo hayajulikani vya kutosha. Mchanga laini wa kijivu karibu na misingi ya kinu cha kale, popote ulipo, usipepetwe. Vumbi lake linabeba sumu hadi mapafuni. Chungu za kokoto na chungu za kinu ni vitu viwili tofauti.

Na zebaki haina kazi hapa. Dhahabu ya mashapo imekwisha kutengwa na jiwe. Mita moja ya ujazo ukiipitisha kwenye sanduku inakuachia kilo chache za mchanga mzito. Ukauke, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, uvute mchanga mweusi wa chuma, uvue mfuko, uuangushe, urudie. Kilichobaki kioshe kwa karai ndani ya beseni, lita 20 za maji zinatosha siku nzima maana zinarudi beseni. Tia matone mawili ya sabuni ya vyombo, dhahabu nyembamba isielee. Mwisho yeyusha kwa boraksi, chumvi nyeupe ya kuyeyushia madini: boraksi inayeyuka kwenye nyuzijoto 743, dhahabu kwenye 1,064, uchafu unaingia kwenye boraksi na dhahabu inatua chini. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, kabla ya dhahabu kuona moto, na anayeivuta ni aliyeinama juu ya kikaango pamoja na watoto waliokaa karibu.

Vumbi nalo halina mzaha. Kwatzi ikipondwa inatoa vumbi lisiloonekana linalokwaruza mapafu hadi yakauke, ugonjwa wa silikosisi. Hauponi, na unamfungulia mlango kifua kikuu. Leso haizuii vumbi hilo. Nunueni barakoa za N95, zifunge pua barabara, zibadilishwe zikiwa ngumu kupumulia. Simama upepo ukikupiga ubavuni, usiupe uso wala mgongo: ukiupa mgongo unatengeneza kimbunga mbele ya kifua chako na vumbi linarudi. Mashine iwe chini ya upepo, kambi na watoto wawe juu yake, mbali.

Kuta za mchanga mkavu haziahidi kitu. Mchanga mkavu unasimama kwa mteremko wa nyuzi kama 35 tu. Ukiukata wima, unakusubiri. Panapokuwa na kaliche juu ni hatari zaidi, maana linasimama kama dari wakati chini mnachokoa, kisha linashuka kwa pamoja. Mwaka 2024 kule Hillo, Marsabit, kuta ziliwaangukia wenzetu wakafa. Shimo likizidi kimo cha kiuno, lipanueni ngazi ngazi, na taka imwagwe mita mbili mbali na ukingo. Laga nayo inafurika mbingu ikiwa safi, mvua imenyesha milimani kusikoonekana. Usilale ndani yake, usiache injini ndani yake, na ukisikia sauti kama lori linalokuja mahali pasipo na barabara, panda kwanza, uulize baadaye.

Jioni, kabla ya kufunika sanduku, fungua mivukuto. Vumbi la dhahabu laini kuliko uzi wa marikani linapenya na kujikusanya pembe za ndani, na watu wanalibeba wiki nzima wakidhani ni uchafu. Lizoe kwa brashi ya rangi, liweke kwenye kopo lake. Kitambaa kikichakaa usikitupe jalalani: kichome ndani ya sufuria ya chuma, upepo usipofika, uoshe majivu kwenye karai.